Yarudisheni Mawe Kilimani

Mwanga, Kigoma
Jumapili jioni

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia Ijumaa, pamoja na maharage na chupa ya asali. Mwambie mama yako nimeshukuru sana. Habari za matokeo yako ya mtihani nimezisoma mara mbili kwa furaha, na za jiko jipya pia, maana dada yangu amepika ndani ya moshi miaka mingi mno. Lakini katikati ya barua kuna mistari minne iliyoninyima usingizi, na ndiyo imenifanya nikae leo kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningesema haraka haraka, halafu ningeanza kufoka.

Umeandika kwamba mmepata mawe ya msingi bila kununua hata tripu moja. Mmeyakuta kwenye kilima cha ng'ambo ya kijito, upande unaotazama ilikokuwa kambi ya Mtabila. Umesema mlihofu kidogo kwamba huenda ni kaburi, kwa hiyo mkachimba chini yake, mkakuta udongo mtupu, mkatulia. Na lile refu, unasema, fundi amelipenda, anataka kulilaza mlangoni liwe kizingiti.

Yarudisheni. Kabla zege halijamwagwa, yarudisheni yote. Kama fundi ameshayapanga, ayatoe. Kazi yake nitailipa, na mawe mengine nitayanunua mimi. Fedha nimemtumia mama yako leo asubuhi. Sikulaumu hata kidogo. Hakuna aliyekueleza, na aliyepaswa kukueleza ni mimi.

Ni kweli chini ya yale mawe hakuna mtu. Hakujawahi kuwa na mtu.

Unaijua Mtabila kama eneo la jeshi, maana tangu upate akili umesikia watu wakisema Mtabila wakimaanisha vijana wa JKT. Mimi niliijua ikiwa mji. Warundi walivuka mpaka kwa maelfu baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na wakaja wengine katika miaka ya vita iliyofuata. Ulikuwa mji wa nyumba za udongo, za turubai na nyasi, wenye makanisa, masoko, vinyozi, mafundi baiskeli, na foleni za maji zilizoanza kabla ya alfajiri. Hizo foleni ndizo zilikuwa kazi yangu. Niliajiriwa kama fundi wa mabomba, na nikapewa msaidizi mkimbizi ambaye ninyi watoto mlimwita Baba Mapacha. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Akisikiliza bomba kwa sikio alijua linavujia wapi.

Baba yake na kaka zake watatu waliuawa katika siku za kwanza za vita, na yeye alikimbia usiku bila kuwazika. Hakulizungumza jambo hilo mara nyingi. Alilisema kwangu mara moja tu, tukiwa tumekaa juu ya tangi, kwamba angalau angekuwa na kaburi la kupalilia. Siku nyingine alimwendea babu yako kumwomba kitu ambacho mimi sikukitegemea: mahali padogo kwenye ardhi yetu, nje ya kambi, pa kuweka mawe manne. Babu yako hakumjibu hapohapo. Alimaliza kula, akanawa, akachukua fimbo yake, akampeleka mwenyewe mpaka kilimani na kumwonyesha kwa fimbo: hapa. Ukisimama pale asubuhi isiyo na ukungu unaona milima ya upande wa Burundi.

Mawe aliyatoa kijitoni, akayabeba moja moja kwa siku nne. Lile refu ni la baba yake. Alilichimbia shimo, akalisimika, akalikaza kwa kokoto. Mengine matatu aliyalaza miguuni pake.

Nilidhani naelewa alichofanya. Nilikuja kuelewa vizuri baadaye, mbali sana na kwetu Kasulu.

Kambi ilipofungwa mwaka 2012 nilibaki bila kazi, na mwaka uliofuata nikapata mkataba kwenye kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Huko ni nchi ya Waturkana: joto, upepo, mchanga, mito ambayo ni barabara mpaka siku mvua inyeshe kwenye milima ya mbali. Siku moja ya mapumziko tulitoka Lodwar kuelekea Kalokol, tukitaka kuliona Ziwa Turkana. Kabla hatujafika, dereva alipunguza mwendo, akasimamisha gari kando ya barabara, akashuka bila kusema neno.

Palikuwa na mawe yamesimama. Nguzo 19 za basalti nyeusi, zimekaa karibu karibu kama watu waliokutana njiani. Nyingine zimeinama huku na nyingine kule. Si ndefu, hakuna iliyonipita kimo. Zina pembe kali kiasi kwamba ungeapa zimechongwa, kumbe lava ya volkano ikipoa taratibu ndivyo mwamba wake unavyopasuka, katika vipande virefu vyenye pande kadhaa. Waliofanya kazi ni wale walioving'oa, wakavibeba na kuvisimamisha hapo.

Dereva aliokota kokoto, akaenda kwenye nguzo mojawapo, akaiweka juu yake. Ndipo nikaona kwamba karibu kila nguzo ina kokoto kichwani. Nikamuuliza kama ni makaburi ya babu zake. Akasema hapana, watu wake waliyakuta mawe haya. Pakaitwa Namoratunga, watu wa mawe. Inasimuliwa kwamba walikuwa wacheza ngoma wakageuzwa mawe kwa sababu walimcheka pepo aliyekuja kati yao. Nikamuuliza, sasa kama si babu zako, kokoto ya nini? Akanitazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyeuliza kwa nini watu husalimiana.

Niliokota yangu, nikaiweka.

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu mawe yale, na nitakueleza kwa kuwa unapenda historia na hukufundishwa hili shuleni. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba nguzo za Kalokol zimepangwa kufuata nyota ambazo Waborana huzitumia katika kalenda yao ya siku 354, na kwamba zina umri wa zaidi kidogo ya miaka 2,000. Miaka minne baadaye Robert Soper alipima upya, akatilia shaka hesabu zao. Mimi sina elimu ya nyota, na kwa kweli jambo hilo halikunishika sana. Lililonishika ni lile la Lothagam.

Lothagam iko upande uleule wa magharibi ya ziwa, kusini ya Kalokol. Nayo ina nguzo, na ni mojawapo ya sehemu za namna hiyo zinazolizunguka ziwa. Kuna nyingine mpaka ng'ambo ya mashariki, inaitwa Jarigole. Watafiti kutoka nje, akiwamo Elisabeth Hildebrand wa chuo kikuu cha Stony Brook cha Marekani, walichimba Lothagam pamoja na wenzao wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2018 wakatangaza walichokuta. Chini ya jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi kulikuwa na shimo kubwa lililochimbwa katika mchanga wa ufuko wa zamani. Ndani yake wamelala watu ambao hesabu yao inakadiriwa kuwa si chini ya 580. Kazi hiyo ilianza kama miaka 5,000 iliyopita, ikaendelea kwa karne kadhaa. Shimo lilipojaa, walilifunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo, nyingine wakizitoa karibu kilomita nzima.

Fikiria hilo, mpwa wangu. Walipoanza, piramidi za Giza zilikuwa bado hazijajengwa.

Na waliofanya hivyo hawakuwa na mfalme. Zamani wasomi waliamini kwamba jengo kubwa la namna hiyo lazima liwe na mtawala wa kuamrisha watu, na mashamba ya kuwalisha. Lothagam imewalazimisha kufikiri upya. Hawa walikuwa wafugaji, wa kwanza kabisa kufika sehemu hizo na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katika lile shimo wamo wanaume na wanawake, wazee, vijana, na watoto wachanga. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake: shanga za maganda ya yai la mbuni, shanga za mawe ya rangi ya waridi, zambarau na kijani, pete za pembe ya kiboko. Mmoja alikuwa na pambo la kichwa lililotengenezwa kwa meno zaidi ya 400 ya panya wa jangwani. Mtu aliyakusanya meno hayo, jino kwa jino, kwa ajili ya mwenzake. Hakuna sehemu ya wakubwa na sehemu ya wadogo. Mtoto naye kavishwa shanga.

Sasa sababu. Kabla ya hapo kaskazini yote ya Afrika ilikuwa na mvua nyingi. Sahara ilikuwa na nyasi na maziwa. Mvua zikaanza kukatika. Ziwa Turkana likashuka zaidi ya mita 50 katika muda ambao wajukuu na vitukuu wangeweza kuhadithiana. Kila kizazi kilikuta ufuko umehama. Malisho ya baba hayakuwa malisho ya mwana. Watu walikuwa wanahama na mifugo, wanakutana na wageni, wanatengana, hawajui msimu ujao watalala wapi. Katikati ya hayo wakachagua mahali pamoja pasipohama, wakaleta wafu wao hapo, na wakasimamisha mawe ili anayerudi baada ya miaka apajue.

Niliposoma hayo nilimwona Baba Mapacha na jiwe begani.

Na usidhani ni huko tu. Madagaska, ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini, watu wa nyanda za juu husimika jiwe kwa ajili ya ndugu aliyefia mbali na mwili wake haukurudi. Wao hawaoni ajabu kwamba chini hamna kitu. Ndiyo maana likasimikwa. Kwetu pia yapo ya kusimama, ingawa ya baadaye sana: ukienda chuo Dar es Salaam, panga siku moja ufike Kunduchi uone makaburi yenye nguzo, na kama utajaliwa kuvuka mpaka Pemba, yako mengine Ras Mkumbuu, kando ya bahari.

Lakini kuna kisa kimoja ambacho ndicho hasa kilichonifanya nishtuke kwa neno lako "kizingiti". Nilikipata Kakuma kutoka kwa mhandisi wa pampu, Mskoti, ambaye mama yake ni wa visiwa vya Orkney, kaskazini ya Uskoti. Visiwa hivyo havina miti ya maana, ni nyasi na upepo na bahari kila upande, na mawe yaliyosimikwa na watu wa kale yanaonekana kutoka mbali. Kuna duara linaloitwa Ring of Brodgar, ambalo inadhaniwa lilikuwa na mawe 60, limebaki na 36. Karibu nalo kuna mawe ya Stenness, yenye umri wa kama miaka 5,000, yaani waliyasimika wakati ndugu zetu wa Turkana wanachimba ule mchanga. Wala hawakujua kwamba wenzao wapo.

Jirani na mawe ya Stenness lilikuwepo moja lenye tundu, wakiliita Jiwe la Odin. Wachumba walishikana mikono kupitia tundu hilo wakaapa, na kiapo hicho kilihesabiwa. Hata waliokuwa na makubaliano ya biashara waliapa hapo. Desemba 1814 mkulima mmoja aliyekuwa amepanga shamba lile, mgeni asiye mzaliwa wa visiwa, alichoka kuona watu wakipita kwenye ardhi yake kwenda kwenye mawe. Akalivunja Jiwe la Odin. Akavunja na jingine, akaangusha moja zaidi kabla hajazuiwa. Watu walikasirika kiasi kwamba mara mbili walijaribu kuichoma nyumba yake. Yule mhandisi alinisimulia kana kwamba ni jambo la mwaka jana. Miaka mia mbili, na mama yake bado akipita pale hunyamaza.

Sikufananishi na mkulima yule. Yeye aliona watu wanavyoyaendea mawe yale, akayavunja hata hivyo; wewe hukuambiwa. Ninakusimulia ili ujue kwamba jiwe haliwezi kujitetea. Waliolisimika wameondoka au wamekufa. Anayebaki nalo ni jirani, ambaye mara nyingi si damu yao wala lugha yao, na yeye ndiye anayeamua kila siku kama litaendelea kusimama. Waturkana hawakuzisimika zile nguzo za Kalokol. Wangeweza kuzifanya mafiga.

Turudi 2012. Agosti mosi ya mwaka ule wengi wa wakimbizi wa Mtabila walivuliwa hadhi ya ukimbizi, wakaambiwa wakati wa kurudi umefika. Mwishoni mwa Oktoba malori na mabasi yakaanza kutoka, na kabla Desemba haijafika mwisho karibu watu 35,000 walikuwa wamevuka. Nimeona mambo mengi katika kazi ile lakini sijaona kitu kama ukimya wa kambi inayokwisha. Vituo vyangu vya maji vilikuwa vinamwaga maji na hakuna foleni. Nyumba zilibomolewa nyuma ya wenyewe wakiwa bado barabarani. Watu walikuwa wamezika pale kwa karibu miaka ishirini, na misalaba yao ilikuwa ya mbao. Unawajua mchwa wa Kasulu.

Jioni ya mwisho kabla ya zamu yao, Baba Mapacha alikuja kwetu na mkewe na watoto watano. Kila mmoja amebeba jiwe. Hawakutaka chai. Tulipanda nao kilimani, babu yako, mama yako, mimi. Wakayaweka saba yao kuzunguka yale manne, bila maneno mengi. Yeye akasema kwa Kirundi kitu ambacho nakumbuka maana yake tu: kwamba kama baba yake atawatafuta, ajue wamekwenda wapi. Babu yako akatuambia na sisi tutafute mawe, tusimame na wenzetu. Ndiyo maana yanakuwa 15.

Umepiga hesabu? Manne, saba, na yetu. Babu, mama yako, mimi. La nne ni lako. Ulikuwa na miaka mitano, ulitufuata nyuma bila kuitwa, na ulikataa katakata usaidiwe kulibeba. Ulilishika kwa mikono miwili kifuani mpaka gauni likachafuka lote, na mama yako akanyamaza, asikugombeze.

Kwa hiyo katika mawe uliyoyatoa kilimani wiki iliyopita limo ulilolipeleka mwenyewe.

Nimalize na jambo ninaloona aibu kulisema. Wakimbizi walipoanza kuja tena mwaka 2015, wakajazana Nyarugusu na Nduta, niliwatafuta kati yao, sikuwaona. Mwaka jana ndipo nilipata ujumbe wa Baba Mapacha kutoka Makamba. Yuko hai, ni fundi mabomba hukohuko. Mmoja wa wale mapacha anataka kuja kuona alikozaliwa, akasema nyumba hawaitegemei, kambi hawaitegemei, ila aliuliza: lile jiwe la babu bado limesimama? Nikamjibu papo hapo, ndiyo, limesimama. Nilijibu nikiwa nimekaa hapa Mwanga, na magoti haya hayajapanda kile kilima kwa miaka sita. Kijana anakuja baada ya mavuno.

Basi sikiliza namna yalivyokaa. Lile refu lina upande mmoja bapa na mwingine una mgongo. Bapa ulitazama Burundi. Shimo lake bado litaonekana, kwa sababu ya zile kokoto za kukazia. Kama mmezitupa, chukua nyingine kijitoni, zisiwe za mviringo maana huteleza. Limezama ardhini kiasi cha mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole, usipunguze. Matatu ya kaka zake yanalala upande ule bapa, kichwa kwa kichwa. Saba ya familia yanazunguka kama watu waliokaa kwenye moto, na mawili yanayolingana kabisa ni ya mapacha, yawekwe pamoja. Yetu yako nje yao, upande wa nyumbani. La babu yako ndilo zito kuliko yote, mtahitaji watu wawili. Alilibeba peke yake na alikuwa na miaka sabini. La mama yako yeye mwenyewe atalijua. Lako ni jekundu, lina mstari mweupe umelikata katikati.

Nenda na mama yako. Nenda na fundi pia, aone, ili siku nyingine akiona jiwe limesimama aulize kwanza. Na likishasimama, nipigie kabla hamjashuka. Pale juu mtandao unashika vizuri kuliko nyumbani.

Mimi mjomba wako.